Makaa ya vumbi: kwa nini mashine inunuliwe mwisho

Simama kwa muuza makaa yeyote wa Kibera, Kawangware au Kariobangi, halafu tazama chini ya magunia. Utaona tabaka jeusi lililoshindiliwa na miguu, na mvua ikinyesha linateremka mtaroni. Hilo ni vumbi na chenga: sehemu ya makaa iliyovunjika porini, ikasagika ndani ya lori kutoka Narok au Kitui, ikamaliziwa na mkebe wa kupimia. Hukadiriwa kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya makaa huishia namna hiyo. Tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo nalo hula kilo sita hadi kumi za kuni ili litoe kilo moja ya makaa. Kwa hiyo vumbi lile ni mti uliokwisha kukatwa, kuchomwa na kulipiwa nauli hadi mjini.

Watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto kilichoko Gigiri, walipima hapa Nairobi gharama ya kupika githeri ya watu watano. Kwa makaa ya kawaida ilikuwa shilingi 26, kwa mafuta ya taa 45, na kwa makaa ya vumbi lililochanganywa na udongo, shilingi 3. Bei hizo ni za zamani, lakini pengo lenyewe ndilo linalofanya kila kikundi kinachoandika ombi la fedha za ajira za kijani kitaje biashara hii ya kubumba vumbi kuwa madonge ya makaa. Na karibu kila ombi huanza na mashine ya kushindilia makaa hayo. Mashine inakuja, inapigwa picha, inafanya kazi miezi michache, kisha inafunikwa turubai na kuwa meza ya kuwekea madebe. Hii ni kazi ya chekecheo na jua. Mashine ni ya mwisho kabisa, tena si lazima.

Tuanze na vumbi lenyewe, maana hapo ndipo pesa hupotea bila mtu kujua. Vumbi la kufagiwa chini huja na mchanga, kokoto, vizibo na nywele za saluni ya jirani. Makaa mazuri huacha majivu asilimia 3 hadi 5 hivi, lakini vumbi la kufagia linaweza kupita 25, na hapo unanunua udongo kwa bei ya makaa. Kipimo chake ni rahisi. Chukua gramu 100 za vumbi kavu kwenye mkebe wa bati ulio wazi, uweke juu ya moto mkali, koroga kwa waya hadi weusi wote uishe, acha ipoe, kisha pima kilichobaki. Ikizidi gramu 15, mwambie muuzaji ashushe bei au uliache hapo lilipo. Dawa ya kudumu ni kumpa muuzaji turubai au magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, atandike mahali anapopimia. Gharama yake ni ndogo, na vumbi unalopata wiki inayofuata ni tofauti kabisa na lile la kwanza. Kubaliana naye mapema kuhusu bei ya gunia na siku ya kuchukua, kwa sababu akishajua linauzika, atamuuzia pia mtu mwingine.

Chekecha kwa waya wa matundu ya milimita 5. Vipande vinavyobaki juu ni makaa halali, vipondwe au virudishwe sokoni. Usisage kila kitu hadi kiwe unga laini kama wa ngano, kwani mchanganyiko wa chembe kubwa na ndogo hushikana vizuri zaidi na unahitaji gundi kidogo. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kuchekecha, na barakoa si hiari. Anayechekecha mkavu atatema mate meusi jioni, na mapafu hayasafishwi na maziwa, hata kama mtaa mzima unaamini hivyo.

Sasa gundi, yaani udongo au wanga wa kushikanisha vumbi. Hapa kuna kosa moja linaloua makaa mengi kuliko mengine yote: kipimo cha ndoo. Mtu amesikia “vumbi asilimia 80, udongo asilimia 20”, basi anachukua ndoo nne za vumbi na ndoo moja ya udongo. Lakini asilimia hizo ni za uzito. Ndoo ya lita 20 ya vumbi kavu huwa na kilo 8 hadi 10, na ndoo hiyohiyo ikijaa udongo mkavu inapita kilo 20. Kwa hiyo zaidi ya theluthi ya mchanganyiko wake ni udongo. Makaa yanatoka magumu kama tofali, mazuri kwa macho, halafu yanazimika jikoni kabla maharagwe hayajaiva. Mteja huyo harudi. Kwa kilo 40 za vumbi, udongo wa asilimia 20 ni kilo 10, yaani hata nusu ndoo haifiki. Nunua mizani ya kuning’iniza kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Udongo nao una aina zake. Mwekundu wa upande wa Kabete na Dagoretti unafaa, na wa kichuguu unafaa zaidi kwa kuwa una mfinyanzi mwingi. Mweusi wa Embakasi na Athi River, ule unaong’ang’ania viatu, uache: huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kila donge litakuwa na ufa.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa anayeuza, si wa kupikia nyumbani tu, unapunguza udongo na kuongeza wanga: vumbi kilo 40, udongo kilo 4, unga wa muhogo kilo moja na nusu, maji kama lita 15. Unga ukoroge kwanza kwenye lita mbili za maji baridi hadi usiwe na madonge. Chemsha lita kumi, mimina ule unga huku unakoroga, na uendelee hadi rangi ya maziwa ipotee na uji uwe mzito unaong’aa, kama wanga wa kupigia nguo pasi. Lita tatu zilizobaki ni za kurekebisha. Wapo wanaonyunyiza unga mbichi kwenye vumbi ili kuokoa muda na moto, kisha wanashangaa makaa yakikauka yanabomoka. Wanga haushiki hadi upate joto la nyuzi 65 au 70 hivi, na pasipo joto hilo umeongeza chakula cha panya tu. Uji wa jana pia usiutumie, hasa wakati wa mvua, kwa sababu unachacha na makaa yanaota ukungu kabla hayajakauka.

Molasi hushika, ila moshi wake una harufu ya sukari iliyoungua na hoteli zitalalamika. Karatasi zilizolowekwa usiku kucha na kutwangwa zinafaa pia, mradi si zile zinazong’aa.

Changanya hadi usione tena madoa ya udongo. Kisha kamata konzi moja, ubane kwa nguvu, ufungue mkono. Maji yakitoka katikati ya vidole, umezidisha. Mchanganyiko ukikaa vizuri, uangushe chini kutoka usawa wa kiuno: ukivunjika vipande viwili vitatu ni sawa, ukitawanyika kama mchanga ongeza uji, ukibonyea kama ugali ongeza vumbi. Mkono wa mtu aliyezoea ni kipimo bora kuliko chombo chochote kilichomo kwenye karakana hizi.

Kubumba kwa mkono kunatosha kabisa kuanzia: tufe la sentimita 5 au 6, libanwe kweli, lisiviringishwe tu kama mandazi. Ukitaka umbo la kupendeza, kata paipu ya plastiki ya inchi mbili, urefu wa futi moja, utafute mti unaoingia ndani bila kukwama. Jaza, shindilia, sukuma nje, kata. Ukubwa huu una sababu. Jiko letu la kiuno, bati nje na kauri ndani, lile lililoenea tangu miaka ya 1980 kupitia mafundi wa Shauri Moyo, lina matundu madogo ya kupitisha hewa. Madonge madogo huziba matundu hayo, na makubwa sana huacha kiini cheusi ambacho hakijaungua.

Kuhusu mashine ya skrubu, ile inayoshindilia mchanganyiko kwa parafujo kubwa na kuusukuma nje, nitasema mambo mawili tu. Kwanza, nyingi za maana huendeshwa na mota ya umeme wa fezi tatu, na ploti nyingi za mitaa yetu zina fezi moja. Uliza fundi wa umeme kabla ya kulipa. Pili, skrubu huliwa na mchanga. Vumbi chafu hukwangua kingo zake, shinikizo linapungua, makaa yanatoka laini, na kila mara unamwita fundi ajazie chuma kigumu kwa kuchomelea. Aliyeruka hatua ya turubai na chekecheo atalikuta deni lake hapa.

Kukausha ndiko kunakoamua kama hii ni biashara au mchezo. Siku ya kwanza weka kivulini. Jua kali la saa saba hukausha ngozi ya nje wakati ndani bado kuna maji, na ufa unaanza hapo. Baada ya hapo jua siku tatu hadi sita, juu ya meza za waya wa kuku zilizoinuliwa ili hewa ipite chini, na kugeuza mara mbili kwa siku. Ukitandaza chini kwenye saruji, upande wa chini hubaki mbichi. Utajuaje yamekauka? Pima uzito wa madonge yaleyale kumi siku mbili mfululizo: usipobadilika, tayari. Vunja moja, uangalie kama katikati na pembeni rangi ni moja.

Watu huogopa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, na ni kweli zinasumbua. Lakini Nairobi ina mtego mwingine: Juni hadi Agosti. Hakuna mvua, hakuna jua, kuna wingu tu na baridi, na wakati huohuo mahitaji ya makaa yako juu kuliko mwezi wowote. Hema la nailoni ya grinihausi linasaidia likiachwa wazi juu kwenye kilele. Likifungwa kote linatoa jasho, na matone yanarudia makaa. Njia salama ni kulimbikiza kuanzia Januari na Februari, juu ya mbao, mbali na ukuta, ili Juni ikukute na akiba. Hiyo ina maana ya pesa zilizolala miezi minne. Kama lipo jambo la kuliombea mkopo wa chama, ni hili.

Wateja sasa. Nyumba ya kawaida inayonunua mkebe mmoja jioni ndiyo mteja mgumu kuliko wote, kwa sababu makaa haya yanachelewa kuwaka na yeye ana njaa. Atasema “hayawaki”, na hakosei. Kwake uza pamoja na maelezo: konzi ya makaa ya kawaida chini, ya vumbi juu, jiko nje penye upepo hadi yawe mekundu, na yasichokorwe kila saa maana yakichokorwa yanameguka. Wanaoyapenda ni wale wanaopika kitu cha masaa: githeri, maharagwe, matumbo, supu ya kichwa. Hoteli ndogo yenye sufuria tatu za madondo kila alfajiri ni bora kuliko nyumba thelathini. Anza na gunia moja la majaribio, na uwepo wakati mpishi anawasha mara ya kwanza.

Wafugaji wa kuku nao hununua kwa ajili ya vifaranga, kwa kuwa joto ni la taratibu na la muda mrefu. Hapa lazima useme ukweli hata ukiharibu mauzo. Makaa haya hayatoi moshi mwingi, na watu hudhani kisichotoa moshi hakiui. Yanatoa monoksidi ya kaboni kama makaa mengine yote, haina harufu, na chumba cha mabati kilichozibwa kwa magunia usiku wa Julai kinatosha kuua vifaranga na mtu anayewalinda. Jiko liwashwe nje, liingizwe likiwa jekundu lote, na nafasi ya hewa iachwe wazi juu na chini. Watu wasilale humo.

Uza kwa kilo. Mkebe wa makaa ya vumbi una uzito mkubwa kuliko mkebe wa makaa ya kawaida, na ukiuza kwa mkebe kwa bei ileile unatoa zawadi.

Mwisho ni malipo ya wafanyakazi, ambayo vikundi vingi huyapanga vibaya. Ukimlipa mbumbaji kwa idadi ya madonge, atatengeneza madogo na yenye maji mengi, kwa sababu ndiyo ya haraka. Mlipe kwa kilo kavu, zile zilizopita kwenye mizani baada ya kukaushwa na ambazo hazikubomoka zilipomwagwa guniani. Na kwa kuwa kavu hupatikana baada ya wiki nzima, mpe sehemu ya malipo siku anayobumba na nyingine siku ya mizani, la sivyo ataondoka Jumatano kwenda mjengo. Anayekausha, ambaye kwa kawaida huitwa msaidizi na kulipwa cha mwisho, alipwe sawa na anayebumba. Wingu likitanda ghafla saa tisa na meza ishirini ziko nje, ni yeye anayekimbia na turubai.