Kitanda cha Futi Sita

Bibi mwenye nyumba aliniuliza kama nimeoa, nikamjibu nimeposa. Sikuwa nimeposa mtu.

Ilikuwa Januari 2009, nimepelekwa Amu, yaani Lamu, kufundisha. Wiki mbili nalala gesti, mshahara haujaingia, na kila nilikokwenda kuulizia chumba jibu ni moja: kapera, hapana. Mmoja aliniambia chumba kimeshachukuliwa, na siku tatu baadaye nikapita nikaliona kufuli lile lile mlangoni, vumbi juu yake. Sikumlaumu sana. Nyumba za kikale za Amu zimejengwa ili wanawake wakae kwa faragha yao, na mwanamume asiye na mke, tena mgeni wa kutoka Mombasa, utampitishaje kiwandani, ule ua wa ndani, kila anapotaka kwenda chooni?

Aliyenifungulia njia ni muuza kahawa wa Mkunguni, pale mbele ya ngome. "Mtaa wa Langoni kuna bibi ana sabule," aliniambia. "Mwende baada ya alasiri. Na usende mikono mitupu." Nikanunua halwa nusu kilo.

Sabule, kwa asiyeijua, ni chumba cha wageni wanaume. Ukiingia dakani, ukumbi wa mlangoni, penye baraza mbili za mawe zinazotazamana, ngazi yake unaikuta mwanzo mwanzo, kwa hiyo mgeni hupanda na kushuka asikutane na wenyeji. Zamani walilala humo waliokuja na msimu, wakingoja upepo ugeuke warudi kwao. Kwa kapera hakuna chumba kinachomfaa zaidi ya hicho, na bibi alilijua hilo vizuri, ndiyo maana akataka shilingi 3,500 kwa mwezi na miezi miwili mbele.

Nilihojiwa nikiwa nimekaa kwenye baraza ya daka. Yeye yu nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, namsikia, simwoni.

"We ni wa nani?"

Nikajitaja, nikamtaja baba, nikamtaja babu.

"Mombasa ipi?"

"Kuze, bibi."

"Kuze kwa nani?"

Hapo tulikwenda mbali. Alinitajia watu ambao nusu yao walikuwa wamekufa kabla sijazaliwa, mpaka tukaangukia mjomba wa mama ambaye aliwahi kuuza samli huku Amu. Sauti ikalainika kidogo. Kisha ndiyo likaja lile swali, nami nikatoa lile jibu. Kimya. Nilihisi kama halwa inayeyuka mapajani mwangu. Mwisho ukatoka mkono wenye bangili nyembamba, ukaipokea halwa, ukarudi ndani.

"Ukutani hapapigwi misumari," akasema.

Ndipo nikajua nimepata nyumba.

Na kweli hapapigwi. Kuta ni matumbawe na chokaa, unene wake unamaliza mkono kutoka vidole mpaka kiwikoni, na ukigonga msumari chokaa inabanduka kipande cha sahani. Vitabu vyangu nikavipanga zidakani, vile vishubaka vya ukutani. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, mithili ya ndani ya jahazi. Vyumba vya nyumba za mawe za Amu ndivyo vilivyo: dari inabebwa na boriti za mikoko, boriti inakwenda ukuta kwa ukuta, na mkoko haurefuki kwa kuwa wewe umetaka nafasi. Nilipima kwa hatua. Upana haukufika mita mbili na nusu.

Kosa langu ni kwamba nilimpigia simu mama nikamwambia nimepata nyumba, nisimwambie upana.

Mama naye alikuwa na hesabu zake. Kijana akishapanga nyumba, basi kuoa ni kesho. Alikuwa ameweka pesa muda mrefu, na wiki ile ile akamaliza kumlipa seremala. Kitanda cha mvule, futi sita kwa sita, kichwa chake ubao mmoja mzima uliochongwa mawaridi. Akakipandisha juu ya basi bila kuniuliza. Barabara kutoka Garsen wakati huo ilikuwa vumbi tupu, na Mokowe, gati ya upande wa bara, kilishuka chekundu kama kilichimbuliwa. Mwenye mashua akanitoza nauli ya abiria wawili. Nilipobisha akaniambia kaa wewe, tuone kitanda kitashuka vipi peke yake.

Tukafika gatini Jumamosi, watu wametoka kusali alasiri. Saa mbaya kuliko zote.

Anayeijua Langoni anaelewa. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukishaupa mgongo ukaingia vichochoroni, unatembea katika njia ambayo punda mwenye mizigo akija, unajibanza ukutani. Saa hiyo watoto wa madrasa wanatoka kwa makundi, kuna mama anakaanga viazi vya karai kwenye kizingiti chake, wazee wameshika baraza, paka wako mtaroni. Na hapo katikati, mimi, vijana wawili wa mkokoteni, na kile kichwa cha mvule kilichosimama wima kama mlango wa msikiti.

Tulikwama hatua tano kabla ya nyumba. Kichochoro kinapinda kidogo pale, kitu ambacho nilikuwa nimepita mara kumi bila kukiona. Nyuma yetu akaja punda na magunia ya mchanga, nyuma yake mwingine, na mwenye punda anapiga kelele, "Ndia! Ndia!" Kila mtu akawa fundi. Mzee mmoja aliye barazani akaamuru kitangulizwe kitwa, yaani kichwa. Mwenzake aliyekaa naye bega kwa bega akasema kitwa hakipiti, watangulize maguu. Wakagombana wao kwa wao, vijana wakakaa kitako juu ya mkokoteni kungoja uamuzi, na yule mama akawauzia viazi.

Ndipo dirisha la juu likafunguka.

"Mwalimu! Hicho kitanda ni cha watu wangapi?"

Langoni haijawahi kunyamaza hivyo, hata punda. Mimi nikatafuta maneno. Kijana wa mkokoteni, mdomo umejaa kiazi, hakutafuta.

"Cha harusi, bibi!"

Kutoka nyumba ya pili kikapasuka kigelegele. Kikajibiwa na cha nyumba ya tatu. Watoto wa madrasa, ambao hawakuwa na habari yoyote, wakaanza kuruka wakipiga makofi, na mzee wa maguu akainuka barazani kunipa mkono wa pongezi. Nikaupokea. Ningefanya nini? Kukataa harusi mbele ya kadamnasi ile ilikuwa ni kukataa pia sabule na miezi miwili niliyolipa.

Kuanzia hapo kitanda kikawa cha mtaa. Waliinua, wakapinda, wakafika dakani. Mbao za ubavuni zikapanda ngazi bila shida. Kichwa kikagoma. Ngazi ile ina kona moja, na mtu mwenyewe huipita akiwa ameinama. Tulijaribu kwa ubavu, kwa mshazari, juu chini; adhana ya magharibi ikatukuta bado tunajaribu, watu wakaenda kusali wakarudi na maoni mapya.

Baada ya swala akaletwa seremala wa mtaa ule ule, mtu mkimya, penseli iko sikioni. Hakugusa ubao. Alipima kona ya ngazi kwanza, akapima tena, akashuka, akasema, "Fundi wa Mombasa hakuuliza ngazi." Akanieleza kuwa kitanda alichotengeneza yeye hupanda juu kikiwa vipande, kikafungwa humo humo chumbani kwa vigingi, na siku ya kuhama hufunguliwa vivyo hivyo. Kisha akaniuliza mimi, maana ubao ni wangu, kama akate.

Nilitazama yale mawaridi. Yalikuwa saba, na mama alinisomea kwenye simu idadi yake kama anayehesabu pesa.

"Kata," nikasema.

Akawasha taa ya daka, akapiga mstari mwembamba wa penseli kati ya waridi la tatu na la nne, si katikati kabisa, kwa sababu katikati palikuwa na waridi lenyewe. Msumeno ulikwenda polepole. Mvule ukikatwa usiku una harufu yake, na unga wake ulianguka kwenye baraza ya mawe mweupe wa manjano, watoto wakiuchota kwa vidole. Juu akaunganisha vipande kwa vyuma viwili nyuma. Hakutaka pesa nyingi. Alisema iliyobaki atakula kwenye walima.

Saa nne usiku nililala juu ya kitanda changu. Kilijaza chumba, kutoka kitandani kwenda mlangoni nilipita ubavu ubavu, tumbo ndani. Kwenye mawaridi palikuwa na ule mstari, ukiutazama kwa mshumaa hauonekani, ukipapasa unaukuta. Simu ya mama niliipokea nikamwambia kimefika salama.

Nje Langoni haikulala. Mahali fulani kulikuwa na mpira kwenye televisheni, watu wakifoka kwa pamoja. Punda mmoja alianza kulia na wa mtaa wa pili akamjibu. Chini ya dirisha, barazani, wale wazee wawili walikuwa wamerudi. Nilidhani bado wanabishania kitwa na maguu.

"Atamleta lini?" mmoja akauliza.

"Kabla ya Maulidi haiwezekani. Msikiti wa Riyadha utajaa wageni, nani atapika?"

"Basi Mfunguo Sita ukisha."

"Mfunguo Sita ukisha. Bibi keshasema yeye ndiye atakayesimamia."

Mfunguo Sita ndio mwezi wenyewe wa Maulidi. Nikahesabu kwa vidole gizani. Ilibaki miezi miwili.