Chumbe: kulala jirani na mnara wa taa wa mwaka 1904

Hoteli nyingi za pwani yetu siku hizi hujiita rafiki wa mazingira, na mara nyingi urafiki wenyewe huishia kwenye kikaratasi cha bafuni kinachomwomba mgeni asibadilishiwe taulo kila siku, huku jenereta ikinguruma nyuma ya jiko usiku kucha. Kwa sababu hiyo nilikwenda Chumbe nikiwa na shaka. Kisiwa hiki chembamba cha mawe ya matumbawe kipo kilomita 12 hivi kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, na wasafiri wengi wa boti za Dar es Salaam hukiona kwa mbali tu, kama mstari wa miti wenye mnara uliochomoza juu yake. Hakina kijiji, hakina duka, na hakina kisima wala chemchemi ya maji baridi. Ukikiangalia kwa jicho la mwenye hoteli ni mahali pagumu, na kwa maoni yangu ugumu huo ndio uliowalazimisha waliojenga pale kufikiri sawasawa.

Mnara ulijengwa na Waingereza mwaka 1904 kuongoza vyombo vilivyopita kwenye mkondo wa kuingia na kutoka Zanzibar, na mwaka 1926 taa yake ikabadilishwa ikawa ya gesi. Mlinzi wa taa alikuwa na nyumba yake chini ya mnara, na pembeni ukajengwa msikiti mdogo wenye umbo la Kihindi ambao mpaka leo unatumika. Nyumba ya mlinzi ilipobaki gofu, kuta zake ndizo zilizojengewa paa kubwa la makuti, na sasa ndipo wageni wanapopokelewa, wanapokula na wanaposomeshwa habari za kisiwa. Mimi nilikula mchana wangu wa kwanza hapo, nikiwa nimeegemea ukuta wa mawe na chokaa uliokuwa wa mtu aliyeishi miaka yake yote akisubiri jua lizame ili kazi ianze.

Watu husema Chumbe ilihifadhiwa na wahifadhi, na ni kweli, lakini nusu ya kwanza ya sifa hiyo ningeipa mkondo wa meli. Kwa miaka mingi uvuvi haukuruhusiwa upande wa magharibi wa kisiwa kwa sababu ngalawa na madau yangezuia vyombo vikubwa kupita. Aidha, pwani inayokabiliana nacho ilikuwa eneo la kijeshi ambako askari walifanya mazoezi ya kulenga shabaha, na wavuvi wengi wa wakati ule hawakuwa na mashine za boti za kuwafikisha huko kwa urahisi. Hakuna aliyekuwa na nia ya kuokoa matumbawe. Yaliokolewa na usalama wa meli na risasi za mazoezi, hata ilipofika miaka ya 1990 mwamba huo ulikuwa miongoni mwa michache karibu na mji ambayo haijavurugwa.

Nia ilikuja baadaye. Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi za maendeleo hapa nchini, alianzisha kampuni ya hifadhi mwanzoni mwa miaka hiyo, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba wa magharibi kuwa eneo lililohifadhiwa, likawa hifadhi ya bahari ya kwanza duniani kuendeshwa na taasisi binafsi. Walinzi walioajiriwa walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawabebi silaha. Kazi yao ni kuifuata boti iliyovuka mpaka, kutoa salamu, na kumweleza mvuvi mwenzao kwamba samaki anayekulia ndani ya mpaka hatimaye hutoka nje na kuingia kwenye wavu wa kila mtu. Nilimuuliza mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, kama maneno hayo yanatosha. Akanijibu kwa upole wa Kiunguja: "Bibie, mvuvi humsikiliza mvuvi. Ningekuja na bunduki, angerudi usiku."

Mabanda ya wageni ni saba tu, yamefichwa msituni yakitazama bahari, na hapa ndipo shaka yangu ilipoanza kulegea. Paa la kila banda limejengwa ili likusanye mvua. Maji hupita kwenye kichujio, yakaingia katika birika lililo chini ya sakafu ya sebule, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono hadi kwenye matangi, moja likipashwa moto na jua. Unapooga, maji machafu hayaendi kwenye shimo wala baharini, bali hupita kwenye kitalu kilichopandwa mimea inayopenda mbolea, kwa kuwa mabaki ya sabuni na virutubisho vyake vikiingia kwenye mwamba hustawisha mwani, na mwani ukistawi hufunika matumbawe. Ukishaelewa njia hiyo, unafunga bomba bila kuombwa na kikaratasi chochote, maana unajua kwamba unaogea mvua ya masika iliyopita na kwamba nyingine haijanyesha.

Choo nacho kinastahili maelezo, ingawa najua wapo watakaokunja uso. Hakina maji ya kusukuma. Kila baada ya kukitumia unamwaga kata moja ya mchanganyiko mkavu wa majani na mboji, na bomba refu la kutolea hewa hufanya kazi iliyobaki kwa msaada wa upepo, hivyo kilicho chini huoza taratibu bila kufikia mwamba. Nilitarajia harufu, sikuisikia. Choo cha shimo cha kawaida kisingefaa kabisa juu ya jiwe la matumbawe, ambalo limejaa matundu na hupitisha kila kitu mpaka baharini.

Chumba cha kulala kipo juu, chini ya makuti, na ukuta wake wa mbele hushushwa kwa kamba ili upepo uingie. Hakuna feni. Umeme wa jua unatosha taa ndogo, na baada ya chakula cha usiku kila mgeni hupewa tochi ya kumfikisha bandani kwake. Mwanga mdogo una faida yake, kwani usiku ndio wakati wa kaa wa nazi, kaa wa nchi kavu mkubwa kuliko wote duniani, ambaye anaweza kufikia kilo nne na hupanda miti. Nilimwona mmoja kwenye shina la mti kandokando ya njia, wa rangi ya samawati iliyokolea, gando moja likiwa limekwama kwenye ganda la nazi. Hakukimbia. Alipomulikwa alisogeza tu mguu mmoja, kwa namna ya mwenye nyumba anayesubiri mgeni apite. Mahali pengi amekwisha kuliwa akatoweka, lakini hapa panya waliondolewa kisiwani mwaka 1997 na hakuna mtu anayemwinda. Paa nunga, swala wadogo wa msituni ambao ni haba hata Unguja kwenyewe, nao waliletwa wakatunzwa humo msituni, lakini mimi sikubahatika kuwaona.

Asubuhi, maji yalipojaa, tuliingia mwambani kwa miwani na bomba la kupumulia. Kupiga mbizi kwa mitungi hakuruhusiwi kwa watalii, na boti hufungwa kwenye maboya badala ya kutia nanga. Zimerekodiwa hapo zaidi ya aina 400 za samaki na takriban aina 200 za matumbawe magumu. Ninachokumbuka zaidi ni sauti: pono waking'ata mwamba kwa meno yao, mlio mkavu unaousikia wazi hata kichwa kikiwa nusu majini. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba hifadhi ni kinga ya kila kitu. Joto la bahari la mwaka 1998 na lile la mwaka 2016 lilipausha matumbawe ya Bahari ya Hindi Magharibi, na Chumbe haikusalimika. Mlinzi anaweza kumzuia mvuvi. Maji ya moto hayazuiliki kwa boti.

Jioni tulipanda mnara, ngazi zaidi ya 130 za kuzunguka, na mapaja yangu yalilalamika kabla ya nusu ya safari. Juu kabisa unakiona kisiwa kizima, hekta 20 na kidogo za msitu uliosimama juu ya jiwe tupu, na upande wa magharibi mkondo uleule wa meli.

Gharama ya kulala hapo ni kubwa, wala sitajaribu kuipaka sukari. Ni mara nyingi ya bei ya nyumba ya wageni ya kawaida mjini. Fedha hizo ndizo zinazolipa walinzi na safari za wanafunzi wa Zanzibar wanaoletwa kusomea mwambani. Siku yangu ya kuondoka liliwasili kundi la wasichana wa shule, shikamoo zao zikanijia kwa pamoja kama kwaya, na baada ya saa moja walikuwa wanaelea juu ya matumbawe wakipiga kelele za kuitana. Kwa hesabu yangu, hapo nilikuwa nimepata thamani ya pesa yangu.

Kisiwa hufungwa wakati wa mvua za masika, na boti huondoka asubuhi kutoka ufukwe wa Mbweni. Chukua viatu vya soli ngumu, kwa sababu mawe ya matumbawe hukata vibaya. Atakayekwenda kipindi cha kusi afunge simu na nguo zake ndani ya mfuko usiopitisha maji kabla hajapanda boti.