Mwenye 71.2 chini ya mwenye 70.0

Mwalimu wa taaluma wa shule moja hapa Mwanza amenipigia jioni hii, kuhusu programu niliyowaandikia ya kupanga nafasi za wanafunzi. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Hebu nisaidie kitu. Huyu ana wastani wa 70.0, huyu ana 70.6, na huyu binti ana 71.2. Ripoti yako inasema wa sita, wa saba, wa nane. Sasa baba yake kakaa hapa mbele yangu. Nimwambie nini?"

Nikasema naangalia sasa hivi. Chai niliyokuwa nimeimimina imepoa hapa mezani, sijaigusa.

Kwa msioandika programu: orodha ya wanafunzi ndani ya kompyuta haijui nani amtangulie nani. Java, lugha ya programu ninayotumia, ina ufundi wake wa kupanga, nao ni mzuri kuliko wowote ambao ningeuandika mimi, lakini ufundi huo haubagui kilichomo. Unapanga wanafunzi, magunia ya mpunga, namba za simu, chochote. Ndiyo maana ya orodha jeneriki. Ila kila unaposhika vitu viwili, unakigeukia kilinganishi, kipande kidogo cha programu ulichoupa, na kukiuliza: huyu na huyu, vipi? Kilinganishi kinajibu kwa namba nzima moja. Ikiwa hasi, wa kwanza atangulie. Ikiwa chanya, wa pili atangulie. Ikiwa sifuri, kwangu mimi hawa wako sawa.

Kilinganishi changu kilikuwa na mstari mmoja. Niliuandika usiku, umeme umekatika, kompyuta imebakiza chaji ya dakika chache (a ni mwanafunzi wa kwanza, b wa pili):

`return (int)(b.wastani - a.wastani);`

Hiyo `(int)` mwanzoni haikuwepo. Kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri nilichoandika, ilikataa, kwa sababu ukitoa wastani kwa wastani unapata desimali, na jibu linatakiwa namba nzima. Nikaichomeka `(int)`, kelele zikaisha, nikalala. Kumbe nilikuwa nimeiambia Java ikate kila kilicho nyuma ya nukta. Tofauti ya 0.6 inakuwa 0. Na sifuri ni "wako sawa".

Sasa wachukue wale watatu. Mwenye 70.0 na mwenye 70.6: sawa. Mwenye 70.6 na binti wa 71.2: sawa. Lakini mwenye 70.0 na binti: tofauti ni 1.2, inakatwa, inabaki 1, binti atangulie. Yaani mimi niko sawa na wewe, wewe uko sawa na yule, halafu yule kanizidi. Hata watoto wa chekechea wakipangana kwa urefu hawafanyi hivyo. Orodha iliingia ikiwa imepangwa kwa majina, Java ikapita ikiuliza jirani na jirani, kila jozi ikajibiwa "sawa", basi ikawaacha walivyokuja. Binti na yule wa 70.0 hawakulinganishwa kabisa, kwa hiyo lile swali moja ambalo lingejibiwa vizuri halikuulizwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilishaonywa. Wiki iliyopita nilijaribu kupanga kidato kizima, wanafunzi 91, programu ikaanguka na ujumbe kwamba mbinu ya kulinganisha imevunja mkataba wake. Nikadhani kuna alama zimeingizwa vibaya. Nikaigawa orodha kwa mikondo mitatu, 30, 30 na 31, ikapita bila kukohoa. Nikajisifu.

Leo ndipo nimekaa nikafuatilia kwa nini ilipita. Tangu toleo la 7 la mwaka 2011, Java hupanga vitu kwa TimSort, ufundi uliobuniwa na Tim Peters kwa ajili ya Python, lugha nyingine ya programu, mwaka 2002. Orodha ikiwa na vitu chini ya 32, haihangaiki: inachomeka kimoja kimoja mahali pake na kumaliza. Ikifika 32 au kuzidi, inapanga vipande vipande kisha inaviunganisha, na ni kwenye kuunganisha ndipo inapoweza kugundua kwamba kilinganishi kinajipinga chenyewe. Si kila mara, lakini huweza. Kwa hiyo mimi, kwa kugawa mikondo, sikuondoa kosa. Nilimwondoa shahidi.

Dawa ilikuwa fupi kuliko ugonjwa: `Double.compare(b.wastani, a.wastani)`. Hakuna kutoa, hakuna kukata. Kidato kizima kimepangika mara moja, wote 91, na binti amepanda hadi mahali pake. Mwalimu nimeshamtumia ripoti mpya na maneno ya kuomba radhi, ambayo yamenichukua muda mrefu kuliko huo mstari.

Nilipokuwa humo ndani nimekuta aibu nyingine. Mwanzoni kabisa nilikuwa nimeweka mpangilio wa wastani ndani ya klasi yenyewe ya Mwanafunzi, yaani kiolezo kinachoieleza programu mwanafunzi ni nini, kama mpangilio wake wa asili. Kana kwamba mtoto kwa asili yake ni wastani wake! Baraza la Mitihani lenyewe, NECTA, liliacha kutangaza kumi bora mwaka 2023, mimi bado nazichomelea nafasi kwenye mifupa ya watoto. Na hata kikazi haifai. Mwalimu wa darasa anataka majina kwa alfabeti ili aite mahudhurio. Wa hesabu anataka alama za hesabu tu. Wa taaluma anataka wastani. Watoto ni walewale, wanaotazama ndio wengi. Nimeuhamishia mpangilio huo nje, kila mwenye shida yake apewe kilinganishi chake, na klasi ya Mwanafunzi ikae kimya.

(Hicho cha majina nacho kina vituko vyake. Huku kwetu majina ya Ng' ni mengi. Aliyeandikwa na kiapostrofi kilichonyooka cha kibodi ya kompyuta, namba 39 kwenye Yunikodi (orodha inayoipa kila herufi na alama namba yake), anatangulia Nga wote. Aliyeingizwa kwa simu na kile kilichopinda, namba 8217, anakwenda nyuma ya Ngw. Ndugu wa baba mmoja wanaweza kuachana nusu ukurasa. Nimevigeuza vyote kuwa kimoja kabla ya kulinganisha.)

Limebaki la waliofungana. Kilinganishi kikisema sifuri ya kweli, 68.4 na 68.4, nani aandikwe juu? Nilitaka kumalizia na alfabeti, kama kila mtu afanyavyo. Mkono ukasita. Mimi jina langu linaanza na Z. Shule ya msingi niliitwa mwisho, nilipewa kitabu mwisho, na siku vitabu vilipopungua, nilichungulia cha mwenzangu. Sikuwahi kumlaumu mtu. Nilidhani dunia ndivyo ilivyo.

Nimempigia Mwalimu tena, saa tatu usiku, nikamuuliza waliofungana wanafanyaje.

"Wamefungana si wamefungana?" akasema. "Wote wawili wa tisa, anayefuata wa kumi na moja."

"Na kwenye karatasi, nani juu?"

Akacheka. "Wee weka unavyotaka, mradi namba iwe moja."

Nimeweka alfabeti. Mwenye Z yuko chini, na pembeni ya jina lake imeandikwa 9.