Bado Ana Miaka 22

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na kwa watoto nakubaliana nao. Shida ni pale tunapomgeuzia mtu mzima methali hiyo. Hata William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba kwa wengi wetu tabia huwa imeshaganda tukifika miaka 30.

Tafiti za baadaye zimeonyesha vingine. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Brent Roberts na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti 92 zilizofuatilia watu walewale kwa miaka mingi. Waliona uwajibikaji na utulivu wa moyo ukiongezeka ukubwani, hasa kati ya miaka 20 na 40.

Hapo namwona mdogo wangu kabisa. Akiwa na miaka 22 alikopa kila mahali, na mwisho wa mwezi simu haipatikani. Leo ni fundi umeme, ana mke na watoto. Hatembei bila daftari lake: kushoto pesa ya mteja, kulia waya, swichi, nauli ya bodaboda, na risiti zimebanwa kwa pini ukurasa huohuo. Chenji ya shilingi mia tano anairudisha. Hakuna aliyemkalisha chini akamfunda. Naamini ni kazi yenyewe, maana mteja asiyeridhika na hesabu hakuiti tena, na nyumbani kuna watu wanaomtegemea.

Sisemi amekuwa mtu mwingine. Hasira zake bado ziko karibu kuliko zetu sote, kama utotoni.

Lakini kwenye ukoo bado ana miaka 22. Juzi kwenye kikao cha harusi jina lake lilitajwa kuwa mweka hazina, mzee mmoja akasema, "Yule tunamjua," wakahamia jina lingine. Naye alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Iliniuma sana.

Mwaka 2013 wanasaikolojia Quoidbach, Gilbert na Wilson walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 19,000. Kwa jumla, walioulizwa kuhusu miaka 10 iliyopita walikiri kubadilika sana, ila walioulizwa kuhusu miaka 10 ijayo walitarajia kubadilika kidogo tu. Ndugu zetu tunawanyima zaidi ya hapo: hata mabadiliko yaliyokwisha kutokea tunayakataa.

Kikao kijacho ni Jumamosi. Nimemwomba shangazi suala la mweka hazina lirudi mezani, na mdogo wangu nimemwambia aje na daftari.