Tunaishi Kanada, lakini tuliomba kama walio nje

Kabla sijaanza kumdhamini mume wangu apate makazi ya kudumu Kanada nilipewa ushauri mwingi kuliko zawadi za harusi, na sehemu kubwa ilikuwa imechacha. Binamu yangu wa Calgary, aliyemleta mkewe miaka mingi iliyopita na tangu hapo amejifanya wakili bila shahada, aliniambia: "Mume si yuko nawe hapo Edmonton? Basi ombeni ya ndani. Ya nje ni ya watu waliotengana." Akaongeza kwamba tukichagua ya nje, mume atashinda nyumbani akitazama televisheni hadi karatasi zitoke, maana hatapewa kibali cha kazi.

La kwanza halijawahi kuwa kweli. La pili lilikuwa kweli zamani, likaisha Mei 2023. Tangu hapo mwenzi aliye kwenye ombi la nje anaweza kuomba kibali cha kazi cha wazi, yaani cha kufanya kazi kwa mwajiri yeyote, mradi anaishi Kanada nyumba moja na mdhamini, hadhi yake ya kukaa nchini ni halali, na idara ya uhamiaji, yaani IRCC, imeshathibitisha kulipokea ombi. Nilimtumia binamu tangazo lenyewe. Akajibu kwa kidole gumba.

Kwa asiyezijua njia hizi: ya ndani ni ya wanandoa wanaoishi pamoja Kanada, na sharti waendelee kuishi pamoja humo. Ya nje ni ya mwenzi aliye popote duniani, na popote ni pamoja na Kanada yenyewe. Hilo ndilo watu hawalimezi. Mimi raia wa Kanada ningeweza hata kuomba nikiwa Mombasa, bora nionyeshe kwamba tutarudi kuishi Kanada. Aliye na makazi ya kudumu tu lazima awe Kanada.

Sisi tulichagua kwa kuuliza ni kipi tusichoweza kukipoteza. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, na mume wangu ndiye kifungua mimba wake. Ukiwa kwenye ombi la ndani hakuna anayekufungia usisafiri, lakini ukitoka kisha ukakataliwa kuingia tena, ombi limekufa, maana hamuishi tena pamoja Kanada. Na ombi la ndani likikataliwa, mdhamini hana rufaa kwenye baraza la rufaa za uhamiaji. Unabaki kuiomba Mahakama ya Shirikisho ruhusa ya kusikilizwa. La nje lina rufaa. Ubaya wake ni kwamba faili likitiliwa shaka, mwenzi anaweza kuitwa kuhojiwa kwenye ubalozi, kwetu ingekuwa Nairobi. Nikasema, na aitwe. Atamwona na mama yake.

Yote hayo yangekuwa kazi bure kama ningemsikiliza ami yangu kuhusu nikaha. Nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, likizo haba, nauli ya Mombasa inakula mshahara mzima. Ami akanipigia kwa furaha: "Mwanangu, ya nini kujitesa? Baba yako ndiye walii, mchumba yuko hapa, mashahidi wako hapa. Tusome nikaha Ijumaa, wewe usikilize kwa simu, mwezi ujao uanze makaratasi yako." Kidini sikuwa na la kumjibu. Lakini tangu 2015 Kanada haiitambui, kwa mambo ya uhamiaji, ndoa iliyofungwa mmoja wa wanandoa akiwa hayupo pale kwa mwili wake, iwe kwa mtu wa kumwakilisha, kwa simu au kwa intaneti. Ami akauliza, "Kwani hao ndio wanaooa?"

Nikapanda ndege. Na kufika Mombasa si kuwepo kwenye nikaha, mwenye kujua pwani anajua. Wanaume huenda msikitini, bibi harusi yuko nyumbani kapambwa, ameshaulizwa kama ameridhia, yamekwisha. Mimi nilitaka kukaa chumba kimoja na bwana harusi, na picha zionyeshe hivyo. Shangazi yangu mkubwa akataka kujua kama haya nimeziacha uwanja wa ndege. Baba, Mungu amweke, ndiye aliyepata njia: nikaha isomwe sebuleni kwake, sheikh aje na kitabu chake, wanawake wakae upande mmoja, nami mbele yao na ushungi wangu umeshuka hadi puani. Mpwa wangu mwenye simu nzuri nikampa masharti: kila picha tuonekane mimi na bwana harusi, sheikh katikati, na saa ya ukutani ikiwezekana. Alipiga hadi kalamu mkononi mwangu nikitia sahihi kitabuni. Wifi zangu wana picha nzuri za hina na maua. Mimi nina picha za ushahidi, na sijaona afisa aliyeuliza swali lolote kuhusu ndoa ile. Shangazi alinuna hadi biriani ilipopakuliwa.

Viza ya mgeni aliipata baadaye. Hapo napo nilionywa tufiche kwamba tunapanga kuomba makazi ya kudumu. Hatukuficha. Sheria ya uhamiaji ya Kanada, kifungu cha 22(2), inasema kutaka kuwa mkazi wa kudumu hakumzuii mtu kuingia kwa muda, ilimradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda wake ukiisha kama hana ruhusa nyingine. Tulikiandika kifungu hicho kwenye barua, tukaambatanisha barua ya mwajiri wake. Kusema uongo ndiko kungetuua, kwani kwa uongo mtu hufungiwa mlango wa Kanada miaka mitano.

Fomu ni fomu, zijaze. Ila ile ya mdhamini, IMM 1344, ina swali mapema ambalo watu hulipita mbio: ukionekana hufai kudhamini, unataka kuondoa ombi urudishiwe pesa zilizobaki, au liendelee hadi uamuzi? Ukiliondoa, umeiaga rufaa. Niliyechagua njia ya nje kwa ajili ya rufaa ningeitupaje kwenye ukurasa wa kwanza?

Mume wangu ana binti kwa ndoa ya kwanza, anaishi na mama yake Malindi, na hakuwa na mpango wa kuja. Ami huyo huyo: "Mtoto haji, usimtaje, utachelewesha." Tulimtaja, na alipimwa na daktari aliyeidhinishwa kama baba yake. Mtoto asiyetajwa na kupimwa anaweza kufungiwa mlango wa kudhaminiwa na mzazi huyo siku za usoni. Mama yake ilibidi aombwe kwa upole mwingi ampeleke kwa daktari, na hapo mume wangu alistahili nishani ya udiplomasia.

Sasa ushahidi wa uhusiano, hapa naomba nijisifu kidogo. Ujumbe wetu wa WhatsApp ni Kiswahili kitupu, na hati isiyo ya Kiingereza wala Kifaransa lazima itafsiriwe. Mtafsiri hutoza kwa ukurasa. Nilipoona wingi wa maneno ya mapenzi ya mwanaume yule nikajua nikiyatafsiri yote nitauza gari. Basi nikachagua orodha ya simu. Orodha ya simu ni tarehe, saa na dakika, haitaki mtafsiri. Edmonton iko nyuma ya Mombasa kwa saa tisa au kumi kutegemea msimu, kwa hiyo nikapaka rangi simu zote alizopiga nikitoka zamu ya usiku, kwangu alfajiri, kwake jioni baada ya kazi, mwezi baada ya mwezi. Juu yake nikaandika aya fupi kueleza ratiba zetu. Kurasa chache za ujumbe nilizotafsirisha ni za siku za ugomvi kuhusu ukubwa wa harusi. Nani atabuni ugomvi wa idadi ya kilo za mchele?

Gharama? Ada za serikali zilizidi kidogo dola 1,200, alama za vidole mbali, daktari mbali, cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi ya Kenya, mbali, halafu chai ya mtafsiri. Mwenzangu kazini alinitisha kwamba mshahara wangu hautoshi kudhamini. Kwa mume au mke peke yake, nje ya Quebec, hakuna kiwango cha chini cha kipato, ingawa ukiwa unaishi kwa msaada wa serikali usio wa ulemavu hukubaliwi. Unachotia sahihi ni ahadi ya kumkimu miaka mitatu. Quebec ina taratibu zake na mwaka 2024 iliweka kikomo cha idadi ya maombi, kwa hiyo walio Montreal wasinifuate mimi.

Kibali cha kazi kilitoka, mume akapata kazi ghalani. Kisha mama mkwe akazidiwa. Mume akasafiri na viza yake ambayo bado ilikuwa hai, na barua ya kupokelewa kwa ombi mfukoni, akamuuguza mama, akarudi. Afisa wa mpakani aliisoma barua, akauliza anaishi na nani, akamgongea muhuri. Karatasi za makazi ya kudumu zilipotoka alikuwa Edmonton. Alizithibitisha kwenye tovuti ya IRCC akiwa jikoni, na kadi ikaja kwa posta.

Binamu wa Calgary sasa anamwambia kila mtu achague ya nje, na kwamba ni yeye aliyenishauri. Majuzi alimshauri hivyo kijana ambaye viza yake iliisha zamani na anaishi na mkewe mle mle Calgary. Kijana huyo ndiye hasa wa ombi la ndani: kwa sera iliyowekwa 2005, mwenzi anayeishi na mdhamini wake Kanada anaweza kuomba hata kama hadhi yake ya kukaa imekwisha. Akitoka kwenda kusubiri nje, huenda asirudi upesi. Nimempigia kijana mwenyewe, nimempa jina la mshauri mwenye leseni, na nimemwomba asimjibu binamu simu mpaka aonane na mshauri huyo.