Paa la baraza la mtemi, na namna lilivyopata fedha

Jengo ninalolizungumzia ni la mawe, kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kujilaza dirishani. Lilijengwa enzi za Mwingereza liwe baraza la mtemi. Humo kesi zilisikilizwa na kodi ya kichwa ikalipwa. Ukisimama mlangoni unauona mwalo wote wa Ziwa Victoria, mitumbwi ya dagaa na akina mama wakianika. Nilipoanza kulishughulikia, mabati ya upande mmoja yalikuwa yameng'oka, mvua za vuli zikinyesha juu ya kenchi za mvule, na ndani palijaa mifuko mitupu ya mbolea, madawati mabovu na popo.

Watu huniuliza nilimpata wapi mfadhili. Sikumpata, wala sikumtafuta. Fedha zilitoka kwa mwenye jengo, yaani halmashauri. Kazi ilikuwa kumfanya mwenye jengo akubali kwamba ni lake.

Ushauri wa kwanza niliopewa na kila mtu ulikuwa: "Mwalimu, peleka Idara ya Mambo ya Kale, hilo ni jengo la historia." Nimefundisha historia hadi nikastaafu, nikaona niisome kwanza sheria yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Pwani mwaka huo unakusanya mengi: misikiti, makaburi, magofu ya Kilwa na Kaole. Huku kwetu haukusanyi karibu chochote kilichosimama kwa mawe na chokaa. Speke, mpelelezi wa Kiingereza, aliliona ziwa hili mwaka 1858, na Wajerumani walikuja kujenga miongo kadhaa baadaye. Hata ile nyumba ya Gunzert, ya enzi za Mjerumani, juu ya kilima pale Mwanza mjini, inayoonekana na kila anayepita, ni changa mbele ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza katika Gazeti la Serikali.

Tangazo ni jambo jema, na maombi tuliyaandika. Ila tangazo humzuia mtu kubomoa, halileti bati. Bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii, Fungu 69, inabeba wanyamapori, misitu, utalii na malikale kwa pamoja, na miaka ya karibuni baadhi ya vituo vikubwa vimekabidhiwa taasisi zenye mapato yake: Kilwa kwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, Kaole kwa TFS, wakala wa misitu, Olduvai kwa Mamlaka ya Ngorongoro. Mantiki yake naielewa, penye watalii ndipo penye kiingilio. Baraza letu halina mtalii hata wa kupotea njia. Nikaamua tusisubiri mlango huo.

Kwa hiyo swali likawa: ni la nani? Hapa ndipo palipokula muda, na wenye majengo kama haya wapaangalie vizuri. Mamlaka za machifu zilifutwa baada ya uhuru, mwaka 1963, na mali zao zikahamia halmashauri za wilaya. Mwaka 1972 halmashauri nazo zikavunjwa katika mpango wa madaraka mikoani, mali zikawa za serikali kuu. Sheria za 1982 zikazirudisha, zikaanza kazi tena 1984. Kila mara watu walihama na mafaili, na si kila faili lilifika. Baraza letu lilikuwa limevuka mito yote hiyo bila karatasi. Nilipouliza wilayani niliambiwa ni la halmashauri; halmashauri wakasema huenda ni la Wakala wa Majengo, TBA; TBA wakajibu kwa ustaarabu kabisa kwamba kwao halipo.

Mchumi wa halmashauri, kijana mwenye adabu ambaye huniamkia "shikamoo mwalimu" hata akiwa na wageni, ndiye aliyeniambia ukweli. "Mwalimu, hata nikitaka kukusaidia, siwezi kutenga fedha kwa jengo ambalo kwenye daftari la mali halimo. Mfumo utanikataa."

Basi nikaliacha paa, nikalifuata daftari. Niliandika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kupitia kwa mtendaji wa kata, nikitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo humpa ofisa siku zisizozidi 30 kujibu. Sikuomba matengenezo. Niliuliza jambo moja tu: jengo lililopo mahali fulani, linalotumiwa na serikali tangu kabla ya uhuru, limesajiliwa katika daftari la nani? Nakala kwa mkaguzi wa ndani. Wenye uzoefu wa ofisi za umma watacheka hapo. Mali ya umma isiyo kwenye daftari ni hoja ya ukaguzi, na hoja isiyojibika humfikia CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kisha Mkurugenzi anaitwa Dodoma mbele ya kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Jibu lilikuja kabla muda haujaisha, na nyuma yake wakaja mpima ardhi na mtu wa mali. Hofu moja iliibuka siku hiyo, ile ya mita 60 kutoka ziwani ya Sheria ya Mazingira ya 2004, maana mwaka 2020 ziwa lilipojaa maji yalisogea sana. Walipima, tuko nje ya mita hizo.

Kusajiliwa peke yake hakukutosha. Jengo lisilo na mtumiaji halina wa kulisemea siku ya kugawana, na ukomo wa bajeti ukishuka, vyoo vya shule na zahanati hutangulia. Haki yao. Mtumiaji tuliye naye alikuwa chini ya mwembe: Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha migogoro ya ardhi. Wazee walikuwa wanakaa juani, ikinyesha wanaahirisha. Tukapeleka hoja kwenye kamati ya maendeleo ya kata kwamba baraza lirudi barazani. Mheshimiwa diwani aliipenda, nadhani kwa sababu ilimpa la kusema kwenye mkutano wa hadhara, na mimi sina ugomvi na sababu hiyo. Muhimu iliingia kabla madiwani hawajapitisha makisio mwanzoni mwa mwaka. Ukifika Machi na barua yako nzuri, subiri Julai ya mwaka mwingine.

Tukapewa kasma, yaani fungu la bajeti, ya matengenezo ya majengo, kutoka mapato ya ndani, kwa utaratibu wa force account, yaani halmashauri kuisimamia kazi yenyewe bila mkandarasi, na mafundi wa hapahapa. Nilibishana kwa ukali juu ya saruji tu. Makadirio ya kwanza yalisema kuta zipigwe plasta ya saruji. Kuta hizi zimeshikwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Ukizifunika kwa saruji maji yanabaki ndani, jiwe linaanza kumomonyoka na plasta inabanduka kama ganda. Mhandisi alisikiliza, akaenda mwenyewe kugongagonga kiraka cha zamani cha saruji, kikaanguka chote miguuni pake. Makadirio yakabadilishwa. Tatizo likawa muuza chokaa, kwa kuwa ununuzi wa umma sasa ni kwa mtandao, kupitia mfumo wa NeST, na mzee yule hakuwa amesajiliwa. Mjukuu wake alimsajili kwa simu, baada ya kusumbuana sana na namba ya mlipa kodi.

Fedha hazikuja Julai. Mapato ya ndani ya halmashauri ya ziwani yanategemea pamba na ushuru wa mialo, na mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi. Mchumi alinieleza hivyo bila aibu: "Tusubiri giza, mwalimu." Tukasubiri, mabati yakanunuliwa, kenchi tatu tu ndizo zilizobadilishwa, mvule uliobaki ukawa mzima kabisa. Baraza la Kata linakaa ndani sasa.

Kuta za nyuma bado. Zimo kwenye makisio ya mwaka unaofuata, na maombi ya kutangazwa yamepelekwa upya, safari hii yakiwa na namba ya daftari na ramani ya upimaji.