Goli nililolisikia redioni

Juzi tunatazama mpira, mimi na kitindamimba wangu. Timu iliyokuwa nyuma kwa bao moja ikapata kona ya mwisho, kipa wao akaacha lango na kukimbilia mbele. Mtoto akaruka kwenye kochi. "Baba, kipa akifunga, goli linahesabiwa?"

Linahesabiwa, mwanangu. Hilo niulize mimi.

Ilikuwa Scarborough, Uingereza, ule mwaka wangu wa kuosha sahani hotelini ambao nimeshawachosha nao. Mji wa pwani kama Tanga, ukiondoa joto. Msimu huo wa 1998/99 timu ya mji ilikuwa Daraja la Tatu, ambalo Waingereza waliliita la tatu ingawa ukihesabu kutoka juu ni la nne. Nilianza kwenda uwanjani kwa sababu ya upweke, si kwa mapenzi ya mpira. Pale angalau palikuwa na watu wa kusimama nao. Uwanja ulibeba jina la McCain, wale wa viazi, na watu wakauita kwa utani Jumba la Chipsi. Tulifungwa sana. Ya Desemba na Februari niacheni niyapite. Mwezi wa tano ukatukuta tunasukumana na Carlisle mlangoni, na timu moja tu ndiyo ya kutolewa nje ya ligi.

Jumamosi, tarehe 8 Mei. Sisi na Peterborough tukatoka sare ya 1-1. Carlisle nao walikuwa 1-1 na Plymouth, ila kwao mpira ulikuwa haujaisha. Yakibaki hivyo, sisi pointi 48, wao 47. Watu wakamwagika uwanjani kushangilia.

Nami nikaingia, nikimfuata mzee mmoja ambaye nilikuwa nikisimama karibu naye msimu mzima bila kuulizana majina. Alikuwa na redio ndogo, antena yake imefungwa kwa plasta ya kidonda, na kidole gumba hakibanduki kwenye kitufe cha sauti.

"Bado, mzee?"

"Bado."

Pembeni yetu kijana amebebwa mabegani, anaimba. Nyasi zimechimbika, zinanuka udongo mbichi. Mzee akainamisha kichwa kama anayesikiliza mgonjwa anavyopumua.

"Kona," akasema.

Kisha redio ikalia. Sijui niwaeleze vipi. Mnajua viazi vibichi vinavyolia vikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto? Ndivyo. Maneno ya mtangazaji hayakusikika kabisa. Mzee akafumbua mdomo, likatoka neno moja tu:

"Kipa."

Nikajua kipa kadaka. Nikapiga makofi! Nikapiga kwa nguvu, mikono juu, na watu wawili watatu wakaniunga mkono. Mzee akanitazama bila hasira yoyote, na hadi leo ningependa angekasirika.

"Kipa kafunga," akasema.

Habari ikaanza kutembea uwanjani kutoka redio hadi redio. Iliweza kuonekana kwa macho: hapa watu wamesimama wima, mita kumi mbele bado wanacheza. Yule kijana wa mabegani aliendelea kuimba, aliyembeba ameshaganda.

Mengine yako kwenye vitabu vya mpira. Kipa ni Jimmy Glass, wa kuazimwa kutoka Swindon, kwa kuwa Carlisle walikuwa wameuza wa kwao. Aliwachezea mechi tatu tu. Mpira wa kichwa uliokolewa, ukamkuta miguuni, dakika za nyongeza zikielekea ukingoni. Carlisle 49, sisi 48. Timu yetu, iliyopanda ligi mwaka 1987, ikaondoka siku ile na haikurudi. Mwaka 2007 klabu yenyewe ikafungwa kwa madeni. Pale uwanjani leo ni duka la Lidl.

Tulipofika getini mzee akazima redio, akaikunja antena taratibu ili plasta isibanduke. "Tutaonana Agosti?"

"Tutaonana, mzee."

Agosti nilikuwa London. Ningeweza kusema kazi ndiyo iliyonipeleka, na ni kweli ilinipeleka. Lakini nauli ya kurudi Jumamosi moja nilikuwa nayo, na wala sikuwa na mahaba na timu kiasi cha kusema niliumia mno kwenda. Nilimpa tu jibu lililokuwa karibu na ulimi.

Nikamtafutia mtoto lile goli kwenye simu. Picha yake si safi. Watu wa Carlisle wanamiminika uwanjani, kipa anapotelea chini yao.

"Baba, wewe uko wapi hapo?"

"Sipo hapo. Mimi nilikuwa uwanja mwingine."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

Nikaanza kumweleza habari za mzee na redio, lakini alikuwa ameshairudisha video mwanzo. Kona ikapigwa. Kipa akafunga tena, na mwanangu akapiga makofi.